Mtaalamu wa Kugawana

Jambo la kwanza ambalo Mzee Eustaki aliliona kwa Bertilla, hata kabla hajalishika jina lake vizuri, ni kwamba mwanamke huyo alikuwa na tabia ya kugeukia ukuta. Karani wa chama akitaka kufungua kompyuta, Bertilla aliyeketi ubavuni pake aliinuka, akaipa kompyuta mgongo na kuukazia macho ukuta kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, mpaka aambiwe, "Tayari, dada." Ndipo akageuka, akavuta kiti, kazi ikaendelea.

Mwingine angeona hivyo akasema huyu amelelewa, hataki kuona neno la siri la watu. Mzee Eustaki aliona, akakuna kidevu. Mtu anayejitahidi hivi kuonyesha kwamba haoni, aliwaza, lazima kuna kitu anakiona.

Eustaki alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wakulima Mapambazuko wa Kasense, pale ambapo nyumba za Sumbawanga zinapungua na mashamba ya mahindi na ulezi yanaanza. Kushuku alikunywa pamoja na uji. Mama yake hakuruhusu mgeni kupita nyuma ya nyumba, kilipokuwa kihenge cha nafaka. Aliyeuliza mavuno yamekwendaje alijibiwa, "Tunamshukuru Mungu," na jibu lilikuwa hilo hilo mwaka ambao kihenge kilijaa hadi kikapasuka na mwaka ambao hata panya walihama. Eustaki alikua, akaoa, akazeeka, akapewa uenyekiti. Ukimuuliza habari za ghala la chama, naye anamshukuru Mungu.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa mtaalamu wa kugawana.

Habari yenyewe ilianza na kijana mmoja muuza mifumo ya kompyuta, aliyefika kutoka mjini na viatu vyenye ncha. Aliwakalisha wajumbe wa bodi, akamulika picha ukutani, akawaonyesha mfumo ambao ungepima mahindi, ungeandika majina, ungewapigia wakulima simu, na kwa jinsi alivyousifu, ungeweza hata kupalilia. Bodi ilikwisha kuamua kusaini. Mjumbe mmoja mwenye ndugu Kirando akashauri waende taratibu, aitwe kwanza yule Bertilla anayewasaidia akina mama wauza dagaa kule ziwani, asikilize tu.

Bertilla alikuja amevaa koti zito la kipupwe, akakaa nyuma, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Umeme ukikatika kutwa nzima, mkulima amesimama mzanini na magunia yake, mfumo wako unafanya nini?"

"Mtakuwa na jenereta," kijana akasema.

"Hatuna. Na mkataba ukiisha, kumbukumbu za wakulima zinabaki kwa nani?"

"Hapo tutakaa tena mezani."

"Nani anakaa mezani, wewe au bosi wako?"

Kijana akakunja waya zake. Wajumbe wakamtazama Bertilla kwa heshima, wakamwomba awe mkuu wao wa teknolojia. Eustaki naye alimtazama. Alijiuliza huyu mwanamke amefukuza fisi kwa ajili yao, au amefukuza mwenzake ili ale peke yake.

Bertilla alikuwa mtoto wa uwanda huo huo wa Ufipa. Alisoma, akafanya kazi Mbeya katika kampuni kubwa, akasimamia mambo yote ya kompyuta na watu waliozitumia. Mama yake alipopigwa na kiharusi, aliacha kazi akarudi Sumbawanga kumwuguza. Huko aligundua kwamba mji umejaa vyama vidogo, shule ndogo, mashine na maduka yanayohangaika na kompyuta yasizozielewa, na hakuna hata kimoja kinachoweza kumwajiri mtu wa aina yake mwezi mzima. Basi akajigawa. Jumatatu alikuwa wa wakulima wa Kasense. Jumatano alikuwa wa Teodori, mwenye mashine ya kusaga na kukoboa pale karibu na soko. Mwisho wa mwezi alishuka ziwani Kirando, kwenye umoja wa wauza dagaa ulioongozwa na mama mmoja mwenye sauti ya kuita mitumbwi, Jane. Kila mmoja alimlipa sehemu yake, na sehemu hizo zikiunganishwa zilitosha yeye na mama yake kuishi.

"Mchukulieni kama trekta la kukodi," Abeli, karani wa chama, aliwaeleza wanachama. "Leo linalima kwako, kesho kwa jirani. Hakuna kati yenu anayeweza kulinunua peke yake."

Wanachama wakapiga makofi. Eustaki akasubiri makofi yaishe.

"Trekta haliongei," akasema. "Huyu anaongea."

Mwaka wa kwanza watu walimwona mtaalamu wa ajabu. Walitegemea mkuu wa teknolojia alete vifaa. Yeye alikataza kununua. Kompyuta ya zamani inatosha, alisema, ila isafishwe vumbi. Alitaka kila mkulima akipima mahindi apokee ujumbe mfupi kwenye simu yake, hata ile ya batani, ili asiwe na haja ya kumwamini mtu kwa macho. Alimfundisha Abeli kunakili kumbukumbu zote kila jioni kwenye kifaa kidogo kama kidole na kwenda nacho nyumbani. Alisema pia waanzishe kundi jipya la WhatsApp la watu wa kazi tu, maana la zamani halifai.

Hilo la mwisho Abeli alilipuuza kwa moyo mweupe kabisa. Kundi walilotumia bado lilikuwa na jina la "Msiba wa Mzee Isdori." Isdori alikuwa mwenyekiti kabla ya Eustaki, na kundi lilifunguliwa siku alipofariki, la michango na ratiba ya mazishi. Matanga yalipokwisha watu wakabaki humo humo. Wajumbe wa bodi walikuwamo, isipokuwa Eustaki mwenye simu ya batani, wakulima wenye simu za kisasa walikuwamo, basi habari za mbolea zikaingia, kisha za ghala, kisha kila kitu.

"Kufungua lingine ni kupoteza bando," Abeli alisema. "Watu wote si wamo?"

"Ndiyo shida yenyewe, kaka. Watu wote wamo," Bertilla alijibu. Alilirudia jambo hilo kila mara walipokutana, na kila mara Abeli aliahidi kesho.

Halafu ikaja radi. Ufipa na radi ni kama ndugu, na masika yale moja iliipiga ofisi ya chama mchana kweupe. Kompyuta ikaungua ikawa nyeusi kama sufuria ya pombe. Wanachama wakakimbilia pale wakishika vichwa, wakijua jasho lao limeandikwa mle. Abeli akaenda nyumbani, akarudi na kile kifaa kidogo, Bertilla akakichomeka kwenye kompyuta yake, na kila jina likatokea na magunia yake.

Mahali pengine wangemchinjia kuku. Kasense, baada ya furaha ya mwanzo, swali likaanza kutembea bombani na sokoni: alijuaje? Kwa wazee wengi wa pale radi si hali ya hewa tu. Inaweza kuwa na mwenyewe. Mtu anayewaambia mapema mhamishe vitu vyenu, kisha radi ikapiga hasa pale alipowaambia muondoe, mtu huyo na radi wanafahamiana vipi?

"Nilijua radi itapiga kama ninavyojua kuna siku nitaugua malaria," Bertilla aliwaambia kikaoni. "Sijaipangia tarehe."

Wengi walicheka. Eustaki hakucheka. Nyumbani alimwambia mkewe, Epifania, kwamba majibu ya haraka namna ile mtu huwa ameyaandaa.

Mambo yakachemka msimu wa kuuza. Ghala lilikuwa limejaa, na ndani ya ghala, kwenye kona ya nyuma, walionekana dumuzi, wale wadudu wanaoigeuza punje ya hindi kuwa unga gunia likiwa bado limeshonwa. Bodi ilikutana mlango umefungwa. Waliamua kona ile ipulizwe dawa kimyakimya na mahindi yauzwe haraka, kabla mnunuzi yeyote hajanusa. Bertilla alikuwamo, maana aliitwa kuonyesha hesabu ya magunia yaliyo kona hiyo. Mwisho wa kikao Eustaki alimzungushia kila mmoja macho, akasema neno hili lisivuke kizingiti.

Haikupita muda, Teodori akaja na pikipiki yake kuulizia mahindi. Alikuwa mnunuzi wao mkubwa, mtu mnene, mcheshi, mwenye vumbi la unga hata kwenye nyusi. Bei aliyoitaja ilimfanya Eustaki amwombe aitaje tena.

"Hiyo ni bei ya pumba, Teodori."

"Ni bei ya haraka, mwenyekiti. Nyie si mna haraka?"

"Nani kakwambia tuna haraka?"

Teodori akapanda pikipiki yake, akaiwasha, na kwa sauti ya kuulizia afya ya watoto akasema, "Na wale dumuzi wenu, mmeshawapulizia?"

Eustaki alibaki amesimama mlangoni, vumbi la pikipiki likimrukia. Aliwapitisha wajumbe kichwani mmoja mmoja. Wote walikuwa wakulima. Mahindi ya kila mmoja yalikuwa ghalani. Nani angejikata mguu wake? Abeli pia alikuwa na magunia mle. Mtu pekee aliyeketi kwenye kikao kile bila kuwa na gunia hata moja, na ambaye Jumatano iliyofuata alikuwa ameketi kwa Teodori akinywa chai, alikuwa yule anayegeukia ukuta.

Hata hivyo hakumwita kumuuliza. Alimtegea.

Jumatatu alimkuta peke yake ofisini, akafunga mlango, akanong'ona: "Binti, nikwambie kitu. Wanakuja watu wa Tunduma na malori. Wanachukua ghala lote, kwa bei nzuri. Usimwambie mtu."

Hakukuwa na watu wa Tunduma. Kama Teodori angesikia, angekuja mbio kuwahi, na mtego ungekuwa umenasa.

Bertilla alimtazama kidogo. "Baba, kama ni siri, mbona unaniambia mimi? Mimi sina kazi nayo."

"Nakuamini tu."

"Haya, baba. Asante kwa kuniamini," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita, Teodori hakuja. Eustaki alikaa barazani akisikiliza kila pikipiki. Hatimaye akamwambia mkewe jambo lote, na hitimisho lake: yule mwanamke ameushtukia mtego, ni mjanja kuliko alivyodhani.

Epifania alikuwa akipepeta ulezi. Akauweka ungo chini.

"Akisema, msaliti. Asiposema, msaliti mjanja. Sasa mtoto wa watu afanyeje ili awe mwema machoni pako, afe?"

"Wewe hujui mambo ya chama."

"Najua mambo ya watu. Unataka kufanya nini?"

"Mkutano mkuu unakuja. Nitasimama niseme tumwondoe, na niseme kwa nini."

"Utasema mbele ya Kasense nzima kwamba anauza siri?" Epifania akamkazia macho. "Kazi yake yote ni kuaminiwa, Eustaki. Ukishasema hivyo, Teodori atamwacha, wale wa Kirando watamwacha, hakuna atakayempa hata ufunguo wa kanisa. Na yule mama yake kitandani utamlisha wewe? Kama unajua, sema. Kama unadhani, nenda kahakikishe kwanza."

Maneno hayo hayakumtoka kichwani. Jumatano iliyofuata alichukua debe la mahindi, akaliweka begani.

"Mwenyekiti wa chama anakwenda mashineni mwenyewe!" Epifania akapiga kelele nyuma yake. "Leo mvua itanyesha mawe!"

Mashineni kwa Teodori palikuwa na ngurumo na foleni ya ndoo. Eustaki aliweka debe lake mwisho wa foleni, akajisogeza mpaka karibu na kiofisi cha mbao, ambacho mlango wake ulikuwa wazi. Alitaka kuwakuta vichwa vimeinamiana. Alichokikuta ni Bertilla amesimama uso ukiwa ukutani, huku binti wa Teodori akiandika neno la siri kwenye kompyuta ya baba yake.

"Tayari, dada," binti akasema.

Bertilla akageuka, akamwona. "Shikamoo, baba!"

"Marahaba," Eustaki akajibu, akitafuta pa kuyaweka macho yake.

Teodori akatokea nyuma ya mashine, unga mpaka masikioni, mikono yote miwili imeshika gunia la pumba. "Haa! Mwenyekiti na debe! Mama kakufukuza nyumbani? Karibu, karibu. Wale ndugu zangu dumuzi wazima?"

Simu ikalia kwenye mfuko wa shati lake. Kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, alimwambia binti yake aitoe na kuifungulia sauti, kwa nguvu, maana mashine inanguruma. Binti akabonyeza. Ikatoka sauti moja nyororo, yenye mikogo, ambayo Eustaki angeitambua hata akiwa usingizini.

"Habari za asubuhi ndugu wajumbe na wanafamilia wote. Ni mimi karani wenu Abeli. Napenda kuwataarifu kwamba kona ya nyuma tumemaliza kupuliza, lakini wachache bado wanaonekana. Mwenyekiti anasisitiza tuuze kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu wazazi wana ada za shule. Tudumu katika upendo."

Mashine iliendelea kunguruma. Eustaki alihisi kana kwamba mtu amemvua koti katikati ya soko.

"Hiyo sauti inafanya nini kwenye simu yako?"

"Ya Abeli?" Teodori akashangaa kweli kweli. "Kila asubuhi ananisalimia. Mtu mwema sana yule."

"Wewe umo kwenye grupu letu?"

"Mliniweka wenyewe! Tulipomzika Isdori. Nani aliyeleta mwili kutoka Mbeya? Lori la nani lile?" Akaliweka gunia chini, akajifuta mikono kwenye suruali. Sasa naye alikuwa ameanza kushuku. "Au mmesahau?"

Eustaki hakuwa amesahau. Mwenyewe ndiye aliyesimama makaburini akamshukuru Teodori mbele ya watu, akasema kuanzia leo huyu ni mwenzetu.

"Sasa kwa nini hukusema kwamba unatusikia?"

"Niseme nini? Mtu anakutumia habari kila siku, utamwambia sitaki salamu zako? Mimi nilijua mnanitumia ili nijue. Nikasema, hawa watu wazuri, hawafichi dumuzi."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka hadi wakashikana. Eustaki akaliacha debe lake lilipo, akatoka nje. Bertilla akamfuata mpaka kwenye ukuta wa jirani, mahali upepo ulipokuwa unarusha pumba.

"Ulijua," Eustaki akasema bila kumtazama.

"Nilijua, baba."

Hakutegemea jibu fupi hivyo. "Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kazi hapa. Simu yake nilipewa niitengeneze, ujumbe wa Abeli ukaingia ikiwa mkononi mwangu."

"Na ukanyamaza! Tunavuja kama chekeche, wewe unatazama!"

"Sikunyamaza. Nimewaambia mfungue kundi la watu wa kazi. Nimesema mpaka Abeli ananikimbia."

"Ulisema kama mtu anayesema kesho kutakuwa na baridi. Ungesema: Teodori yumo!"

"Ningesema hivyo, ningekuwa nimetoa kitu kwenye simu ya Teodori nikakileta Kasense." Akapangusa pumba kwenye koti lake. "Na siku hiyo, baba, ungekuwa na haki ya kujiuliza ni kitu gani natoa Kasense nakipeleka kwa Teodori. Ulinitegea habari za Tunduma. Ulimwona Teodori akija mbio?"

Uso wa mzee ukamwaka moto. Hakujua kwamba mtego wake ulionekana wazi hivyo.

"Sisi tunakulipa," akasema.

"Na yeye ananilipa. Hapo ndipo nilipokosea." Bertilla akajifuta pua kwa kiganja. "Sikupaswa kuchukua muuzaji na mnunuzi wake kwa pamoja bila kuwakalisha wote tukakubaliana. Nilidhani nikigeukia ukuta inatosha. Mngehitaji kunisikia nikisema wazi, mbele ya kila mtu, nini nitafanya na nini sitafanya. Sikusema, kwa kuwa niliogopa mtanikataa, na nilikuwa na mgonjwa nyumbani."

Eustaki aliirudia njia ya Kasense akiwa mikono mitupu, akasahau hata kuagiza unga wake. Kitu kimoja kilikuwa kimethibitika na kingine kimezaliwa. Huyu mwanamke hakuwa ameuza siri yao. Lakini aliona siri yao ikimwagika kila asubuhi, akaichunga siri ya mwenye kuidaka. Huo ni uaminifu au ni nini? Mtu wa aina hiyo unamweka upande gani wa ghala? Alivuka daraja, akapita kanisa, na bado hakuwa na jibu.

Jioni ile Abeli aliitwa. Alilia, akaapa, akafungua kundi jipya palepale. Shida ikabaki la zamani. Kumtoa Teodori hakuna aliyethubutu. Kumtoa aliyekuzikia ni kumwambia hukuja kwenye msiba. Kulinyamazia tu, angejua wamemkimbia. Baada ya mabishano marefu ilionekana dawa ni moja: mwenyekiti avunje matanga. Basi Mzee Eustaki, miaka baada ya Isdori kulala udongoni, aliishika simu ya Abeli kwa mikono miwili, akarekodi ujumbe wa kuwashukuru wote waliofika, waliochanga na waliotoa usafiri, akaongoza Baba Yetu mpaka mwisho, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo matanga ya Mzee Isdori yamevunjwa na kila mtu arudi kwenye shughuli zake.

Watu wakaanza kuandika amina. Teodori naye akaandika: "Amina. Apumzike kwa amani. Na mahindi mmeamuaje?"

Siku mbili baadaye Bertilla aliomba jambo ambalo Kasense haikuwa imewahi kulisikia. Aliomba waajiri wake wote wakae pamoja, siku moja, mahali pamoja, wanachama wawepo. Alisema ataeleza wazi kazi anayomfanyia kila mmoja, na kwamba hawezi tena kuwa upande wa ghala na upande wa mashine mpaka wote wawili waridhie na waweke mipaka. Wakiridhia, ataendelea. Wasiporidhia, atawaachia wote kwa pamoja, asije akasemwa amechagua mmoja kwa kuwa anajua siri za mwingine.

"Atuachie wote?" Abeli akafadhaika. "Tukibaki peke yetu tutarudi kwa yule kijana wa viatu vya ncha."

Eustaki alijua hivyo pia. Kwa siku kadhaa alizunguka na jambo hilo, shambani, kanisani, kitandani. Epifania alimsikia akigeuka.

"Utasemaje Jumapili?"

"Nitasema abaki. Ila msimu wa kununua mahindi asikanyage mashineni."

"Na Teodori?"

"Nimesikia naye atasema abaki, ila msimu huo asikanyage ghalani kwetu."

Epifania akacheka gizani. "Kwa hiyo msimu mzima mtoto wa watu anakaa wapi, njiani?"

"Ndiyo maana tunamsubiri yule mama wa Kirando," Eustaki akasema. "Yeye hauzi mahindi wala hanunui. Tukigongana, kura yake ndiyo itakayoamua. Lakini nani anajua huko ziwani wanawaza nini? Huenda wanataka kumchukua jumla."

Jumapili baada ya misa, uwanja wa ghala ulijaa. Teodori alileta viti kwa lori lake, akavipanga mwenyewe, na Eustaki akamwangalia anavyovipanga, nani kamweka karibu na nani. Wanachama walikaa makundi makundi, makoti yamefungwa hadi shingoni. Wazee waliokuwa bado hawajaisahau habari ya radi walikaa karibu na lango. Bertilla alikuwa amekataa kuingia ndani kabla hajaitwa. Alikaa nje kwenye benchi, pembeni ya mama yake, ambaye waliokuja naye walimbeba kwenye kiti na kumfunika blanketi. Mama aliwatazama watu kwa jicho moja kali, kama anayewaandika wote.

Eustaki alimpitia, akasimama. Alitaka kusema neno, akaona watu wanatazama.

"Umekula?" akauliza.

"Bado, baba. Sitaweza."

"Kula. Kikao kitakuwa kirefu."

Simu ya Abeli ikalia. Akasikiliza, akaziba sikio la pili kwa kidole, kisha akapaza sauti kwa uwanja mzima: Jane na wajumbe wa Kirando wameshapita Namanyere, wako karibu na Chala, gari lilipata pancha lakini limetengenezwa, na mama anasema amekwisha kuamua, ila hatasema neno kwenye simu. Wasianze bila yeye.

Hakuna aliyeanza. Teodori aliketi kwenye kiti kimoja kati ya vile alivyovileta, Eustaki akaketi kwenye kingine mbali kidogo naye, na wote wawili wakageuza shingo kuelekea barabara ya ziwani.